Baba Alipokuwa Akilala Mchana

Juzi jirani yangu hapa Morogoro aliletewa mfuko wa dagaa kutoka Kigoma, akaniita nichukue fungu langu. Alipofungua mdomo wa mfuko ile harufu ikanipanda puani, harufu ya jua na mchanga wa moto na maji ya ziwa yaliyokaukia kwenye ubao, nikajikuta nacheka peke yangu.

"Mwenzangu, unacheka nini?"

"Namkumbuka marehemu baba yangu alivyokuwa akikoroma."

Akanitazama kama mtu anayefikiria kuniuliza kama nimekula. Nami sikujua nianzie wapi kumweleza. Ningemwambiaje kwamba kwangu mimi harufu ya dagaa walioanikwa ni harufu ya baba yangu akiwa amelala saa sita mchana, jua likiwa utosini, na mimi nimekaa miguuni pake na unyoya wa kuku mkononi, kazi yangu ikiwa ni kumtekenya nyayo ili aamke?

Nyumba yetu ilikuwa Ujiji, Buzebazeba, na upepo wa kutoka ziwani uliingia kwa dirisha la chumba cha mbele ukiwa umebeba kila kilichoanikwa huko ufukweni. Baba alikuwa kipofu. Surua ilimchukua macho yote mawili akiwa mdogo, kabla hajajua rangi ni kitu gani. Hakuona hata mwanga. Ukimmulika tochi usoni, kama nilivyofanya siku moja nikachapwa na Mama, hakupepesa. Lakini wazee wake walimpeleka kwa sheikh mmoja akiwa bado mtoto, akaihifadhi Kurani yote kifuani, na ukubwani akawa mwalimu wa madrasa. Watoto wa mtaa walikuja barazani kwetu baada ya shule, wakaketi mkekani, wakasoma kwa sauti wote kwa pamoja, kila mtu mahali pake, na Baba katikati ya makelele hayo aliweza kusema, "Wewe Shabani, umeruka neno." Hakukosea hata siku moja. Wote tulimwita Maalim, hata Mama alipokuwa amemkasirikia.

Shida yake ilikuwa usingizi. Kulikuwa na siku ambazo Baba alilala usiku na kuamka alfajiri kama watu wote, mchangamfu, akiimba kaswida huku akitawadha. Kisha, polepole, usingizi wake ulianza kuchelewa. Leo amelala baada yetu, kesho amechelewa zaidi, na baada ya muda usiku wote yuko macho, ameketi barazani na tasbihi yake, halafu mchana anazidiwa. Analala akiwa na tonge mkononi. Siku moja alilala katikati ya maneno yake mwenyewe, akimweleza mzazi mmoja faida ya kuwahimiza watoto. Mambo yakiendelea hivyo, usingizi uliendelea kuzunguka mpaka ukarudi usiku, akawa mzima tena, nasi tukasahau. Kisha unaanza upya.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Kwetu kila mtoto alijua kwamba wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza na karabai zao, wakalala mchana kutwa. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa, basi wavuvi hukaa nyumbani, wanashona nyavu na kulala usiku kama sisi. Nikaona: Baba naye yuko hivyohivyo! Kuna majuma analala mchana, kuna majuma analala usiku. Nikaamini kabisa kwamba baba yangu alikuwa mtu wa mwezi. Kwa kuwa hakuwa na macho ya kulionea jua, nilifikiri, Mungu alikuwa amemkabidhi kwa mwezi umtunze. Hilo halikunisikitisha hata kidogo. Lilinipa kiburi.

Kiburi hicho kiliniponza. Niliwatangazia wenzangu wa madrasa kwamba mbalamwezi ikikamilika tu, Maalim ataacha kusinzia. Wakangoja. Mwezi ukatoka, mkubwa, mwekundu juu ya vilima, ukapanda ukawa mweupe, wavuvi wakavuta mitumbwi yao nchi kavu. Kesho yake tulipokaa mkekani, Baba alisema "Bismillahi," akaegemea ukuta, akakoroma. Walinicheka mpaka machozi yakanitoka.

Jioni nilimfuata. "Baba, mwezi umekuacha?"

"Mwezi gani, mama?" Aliniita hivyo kwa sababu nilichukua jina la mama yake.

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi mwezi sijawahi kuuona, na wenyewe sidhani kama unanijua," alisema. "Sikiliza. Mchana naujua. Nasikia kuku, nasikia adhana, nasikia jua kwenye mikono yangu. Kichwa kinaniambia ni adhuhuri. Lakini mwili wangu wote unaniambia ni usiku wa manane, na mwili una nguvu kuliko kichwa. Ni kama mtu ananivuta miguu niingie majini."

"Basi mimi nitakuvuta mikono," nikamwambia.

Ndipo nilipopewa ile kazi ya unyoya. Alijitahidi sana, Baba wa watu. Alikunywa kahawa chungu isiyo na sukari, alijimwagia maji ya mtungi kichwani mpaka kanzu ikamganda mgongoni, alisomesha akiwa amesimama. Siku moja alilala amesimama. Mama jirani, Muha wa kutoka milimani aliyekuwa akituuzia maharage, alikuwa akipita saa kumi jioni na kumwamkia, "Mwakeye, Maalim!" yaani kumekucha salama, na Baba alimjibu kwa Kiha kwa heshima zote, kama vile jogoo ndiyo kwanza amewika. Yeye alikuwa akitania kwa upendo. Wengine hawakutania. Wazazi walianza kunong'ona kwamba mtu anayekesha nje usiku na kulala mchana anajulikana shughuli yake ni ipi. Watoto wakahamishwa mmoja mmoja kwenda madrasa ya mtaa wa pili. Mkeka ukabaki na nafasi. Baba hakuwaona watoto walivyopungua, lakini alikuwa na masikio, na makelele aliyoyapenda yalikuwa yamegeuka sauti chache zilizotawanyika.

Hiyo ilikuwa ndiyo miaka ya wakimbizi. Kila siku tulisikia mitumbwi imefika, na watu waliotoka ng'ambo ya ziwa wakiwa na godoro, sufuria, au mtoto tu. Wengi walipelekwa makambini. Baadhi walikuwa na ndugu mjini, kwa maana Ujiji nzima ina ndugu ng'ambo ukichimba vizuri. Kwetu alikuja Mama Sifa, ndugu wa mbali wa Mama, na binti yake Sifa, umri wangu. Walipewa chumba cha uani. Mama Sifa alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anayefua nguo kama anayezipa adhabu. Hakuna aliyemuuliza kwao alikuwa akifanya kazi gani. Mkimbizi haulizwi alikuwa nani, huulizwa kama amekula.

Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa mkulima kule Simbo. Alimpenda mdogo wake kwa sauti kubwa, akigombana naye muda wote. Habari za watoto kuhamishwa zilipomfikia alikuja na mganga.

"Huyu ana jini," alisema Baba Mkubwa. "Jini la usiku. Kila mtu anajua isipokuwa ninyi mnaolala naye nyumba moja."

"Kaka, mimi mwalimu wa Kurani. Jini litakaa wapi, na kifua kimejaa?"

"Ndiyo maana linakuchosha, limebanwa!"

Baba alikubali, nadhani kwa kuchoka tu. Akafunikwa blanketi, akawekewa chetezo cha ubani na majani ambayo mpaka leo sitaki kuyajua. Sisi watoto tulichungulia mlangoni. Tulitegemea jini litoke, na nilikuwa nimeshamweleza Sifa litakavyokuwa: refu, lenye kwato. Kilichotoka ni chafya. Baba alipiga chafya mfululizo, blanketi likiruka, mpaka mganga mwenyewe akaanza kupiga chafya, na Mama akatoka uani upesi akajifunika uso kwa upande wa khanga. Nilidhani analia.

Basi, baada ya siku kidogo, Baba akaanza kulala usiku. Mtaa mzima ulisikia. Baba Mkubwa alichinja mbuzi. Watoto watatu walirudishwa mkekani, na Baba akawapokea kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona, akawashika vichwa mmoja mmoja kujua wamekua kiasi gani. Aliniambia nitupe unyoya. Nikautupa.

Ninyi mmeshajua kilichofuata. Usingizi ulianza kuchelewa tena kidogokidogo, na haukupita muda mrefu Maalim akawa anakoroma mchana kama zamani. Safari hii aibu ilikuwa kubwa zaidi, maana mbuzi alikuwa ameshaliwa. Baba Mkubwa alirudi kutoka Simbo akiwa amevimba. Alikuwa amekwenda kwa mganga wake, na mganga alikuwa na jibu: jini lilitoka, ila kuna mtu ndani ya nyumba anayelirudisha. Mtu aliyekuja na vitu vyake kutoka ng'ambo.

Alisema hayo pale ukumbini, mchana, mlango wa uani ukiwa wazi. Mama Sifa alikuwa akianua nguo. Sifa alikuwa amesimama karibu yangu, na nilihisi mkono wake ukiingia kwenye wangu.

"Waondoke," alisema Baba Mkubwa. "Kambi zipo. Watapewa chakula, watapewa turubai. Sina ubaya nao. Lakini ndugu yangu ni mmoja."

Baba alikuwa katika majuma yake mabaya. Kope zilikuwa zimemwangukia, kichwa kinainama na kuinuka. Nilitamani ningekuwa na unyoya wangu. Lakini alijikaza, akasema polepole, "Kaka. Mgeni hafukuzwi nyumbani kwangu kwa ajili ya usingizi wangu. Nikilala, nitalala. Wao watabaki."

"Na wanafunzi wako?"

"Riziki ina Mwenyewe."

"Utakufa masikini, mtu mkaidi wewe!"

Ndipo Mama Sifa alipoingia, kapu la nguo likiwa bado kiunoni. Alilitua chini. Hatukuwa tumezoea kusikia sauti yake, hata mbwa wa jirani aligeuka.

"Mzee, uniruhusu niseme. Miye nilikuwa muuguzi. Kule kwetu nilitumika kwenye nyumba ya vipofu, miaka mingi. Huyu hana jini. Niliona batu bengi ba vile." Kwao watu wengi ni batu bengi.



Mama Sifa alichuchumaa mbele ya Baba. "Maalim, taa unaiona? Hata kidogo?"

"Hata jua silioni."

"Toka utoto?"

"Toka utoto."

"Njo vile," yaani ndivyo hivyo, alisema, akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao. Kisha akatueleza, taratibu, akituangalia sote hadi sisi watoto. Jicho lina kazi mbili, alisema. Ya kwanza ni kuona. Ya pili ni kuuambia mwili kwamba kumekucha. Mwanga wa asubuhi ukiingia jichoni, mwili unajirekebisha, unaanza siku pamoja na wengine. Mtu ambaye jicho lake halipokei mwanga wowote, mwili wake haupati habari hiyo, unakwenda kwa hesabu yake. Na hesabu ya mwili mara nyingi ni ndefu kidogo kuliko siku ya jua. Kila siku anachelewa kidogo, kila siku kidogo, mpaka anazunguka usiku na mchana wote, anarudi pale alipoanza. "Hapana bote. Lakini bengi. Kule kwetu tulikuwa naye mmoja, watu walimwita mvivu, mpaka tukaanza kumwangalia vizuri. Akiwa usiku wake, alilala. Akiwa mchana wake, alifanya kazi kushinda wote."

"Kwa hiyo yule mbuzi?" aliuliza Baba Mkubwa, sauti imeshuka.

"Mbuzi mulikula wakati usingizi ulikuwa unarudi wenyewe, Mzee."

Mama, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni, aliuliza swali moja tu. "Hurudi kila mara?"

"Kila mara."

"Na dawa?"

"Dawa miye sijui. Kule hatukuwa nayo. Tulimwacha alale."

Nilimtazama Baba. Nilidhani atafurahi kwamba hana jini. Lakini uso wake ulikuwa umekunjamana, na machozi yalikuwa yakimtoka kwenye yale macho yasiyofanya kazi yoyote nyingine. "Maisha yangu yote," alisema, "nimejiita mvivu. Nilidhani wenzangu wote wanavutwa hivihivi, ila wao wana imani ya kushinda."

Mama Sifa alimshika bega, jambo ambalo kwetu mwanamke mgeni hafanyi, na hakuna aliyelikemea.

Baba Mkubwa aliondoka akinung'unika, "Hesabu ya mwili! Kwani amemeza saa?" lakini hakulitaja tena suala la kambi, na safari iliyofuata alileta mihogo, nusu ya nyumba kubwa na nusu ya chumba cha uani.

Kuanzia hapo Mama ndiye aliyechukua usukani. Aliacha kupigana na usingizi wa Baba, akaanza kuufuata. Madrasa ikawa haina saa moja ya kudumu. Mimi na Sifa tulikuwa tarishi wake: tulipita nyumba hadi nyumba, "Wiki hii ni baada ya isha," au "Wiki hii mje asubuhi kabla ya shule." Kuna wazazi walioguna, kuna waliotufungia mlango, na wale watoto watatu, waliokuwa wamehamishwa tena, hawakurudi. Lakini waliobaki walimpata Maalim akiwa macho kabisa, na Maalim akiwa macho hakuna mwalimu aliyemfikia kuanzia Katubuka mpaka ufukweni. Watoto wa wakimbizi waliokuwa wakiogopa giza walikuja pia zile wiki za usiku, hata wasio Waislamu. Walikaa pembeni wakisikiliza, kwa sababu kulikuwa na mtu mzima aliyekuwa macho.

Mwaka huo mimi na wenzangu watatu tulihitimu Kurani. Khitma ilipangwa, na ikaangukia pale ambapo mchana wa watu ulikuwa usiku wa Baba. Baba Mkubwa alisema tumpe kahawa tumkalishe hivyohivyo. Mama akasema hapana. Akazunguka mtaani yeye mwenyewe, amejitanda, akawaomba watu waje baada ya sala ya alfajiri. Sikuamini kama watakuja. Walikuja. Walitoka msikitini moja kwa moja, na wanawake wakaja na watoto mgongoni, wengine na nguo za jana, macho yamevimba. Mama jirani wa maharage, ambaye hata Mwislamu hakuwa, alileta chungu cha chai. Baba alikuwa ameketi katikati, kanzu nyeupe imepigwa pasi, uso unang'aa kama mtu aliye kwenye saa nzuri za alasiri yake. Nilisoma bila kukosea. Nilipofika mwisho alisema "Ahsante, mama," kwa sauti ya chini sana, halafu akasoma dua ndefu, ndefu, mpaka tukasikia mtu anakoroma.

Alikuwa ni Baba Mkubwa. Alikuwa ametoka Simbo usiku.

Baba akakatisha dua. "Kaka," alisema, "tumwite mganga?"

Vicheko vilivyotokea hapo nadhani viliwaamsha hata waliokuwa bado wamelala Kigoma mjini. Baba Mkubwa mwenyewe, alipoelewa, alicheka mpaka akaomba maji.

Mama Sifa na Sifa waliondoka baadaye, kwao kulipotulia kidogo. Tuliwasindikiza mpaka majini. Baba alikuja, ingawa alikuwa usiku wake, akiwa ameshikilia bega langu na kuyumba kwa usingizi. Alimwambia Mama Sifa maneno ambayo sikuyasikia, na yule mwanamke mkimya akajifuta uso kwa kiganja. Barua haikuja. Kwa miaka mingi tuliwauliza waliotoka ng'ambo, hadi tukaacha kuuliza.

Baba aliishi na usingizi wake ule mpaka alipofariki, mtu mzima sana, akiwa na wanafunzi wa wanafunzi wake. Na kuna jambo moja la nyumba yetu ambalo nililiona kila mara bila kulielewa. Kila usingizi wa Baba ulipomaliza mzunguko ukarudi usiku, Mama alikuwa na desturi zake. Siku hiyo alinunua migebuka, wale samaki wa ziwa letu ambao Baba aliwapenda kuliko nyama yoyote, akawapika kwa mawese. Alijifukiza udi. Alitoa sandukuni khanga ambayo haikuguswa siku nyingine, ingawa aliyekuwa akivaliwa hakuweza kuiona, na alitembea nayo ndani ya nyumba ili isikike ilivyo mpya. Sisi tuliambiwa tukalale mapema, na tukiuliza kwa nini, tuliambiwa watoto hawaulizi.

Nilidhani anasherehekea madrasa kurudi kwenye saa zake. Ilinichukua kuolewa, na miaka kadhaa ya ndoa na mume wa zamu za usiku kiwandani, kuelewa kwamba Mama alikuwa na majuma mengi ya kulala peke yake kwenye kitanda kile, na kwamba kila mara mumewe aliporudi alimpokea kama bibi harusi.